Kulipia na Kulipwa

Kijana mmoja wa mji wa Baraka, mashariki mwa Kongo, alimwambia baba yake kwamba anataka kuwa pro. Si pro wa mpira wa uwanjani, bali wa gemu, ile kandanda inayochezwa kwenye televisheni huku umeshika maneti mikononi. Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza: "Nani atakulipa?"

Nimekaa na swali hilo muda mrefu. Wengi walilisikia kama karipio la mzazi asiyejua dunia inavyokwenda. Mimi naliona ni swali la istilahi, tena limeulizwa na mtu anayekijua Kiswahili vizuri kuliko sisi tunaoandika.

Neno "pro" lina maana mbili zilizoshonwa pamoja: mtu anayeijua kazi yake barabara, na mtu anayeishi kwa kazi hiyo. Kiswahili hakizichanganyi. Anayeijua kazi ni fundi, bingwa, gwiji, mkali. Anayeishi kwa mchezo ni mchezaji wa kulipwa, na mwenzake asiyelipwa ni mchezaji wa ridhaa. Watangazaji wa redio wametuzoesha hivyo: ngumi za kulipwa, ngumi za ridhaa. Kijana alipotamka "pro" alikuwa akiwaza ufundi, kwa sababu mtaani kwao hakuna anayemfunga. Baba yake alisikia kulipwa, akauliza mlipaji yuko wapi. Wote wawili walikuwa na haki. Neno ndilo lililowagonganisha.

Chumba cha gemu hapa kwetu ni rahisi kukitambua. Juu ya bati kuna paneli ya jua, au nje inanguruma jenereta. Ndani kuna skrini moja au mbili, viti vya plastiki, na vijana wamebanana kama ndagala kwenye kikapu. Unatoa franka zako, unacheza mechi moja. Mara nyingi kanuni ni kwamba anayefungwa ndiye anayelipia, kisha anainuka ampishe mwingine, na mshindi anabaki amekaa. Fundi wa chumba hicho anaweza kucheza mchana kutwa kwa pesa za wenzake. Hiyo ni sifa kubwa kwa umri wake, lakini jioni anarudi nyumbani mfuko mtupu.

Sarufi yetu imeliona jambo hili. Kitenzi ni kile kile, kulipa. Kikitumika katika kauli ya kutendea kinakuwa kulipia. Katika kauli ya kutendwa, kulipwa. Vijana wa Baraka, wa Fizi juu milimani, wa Lusenda walikopokelewa wakimbizi wa Burundi, wanalipia. Wale ambao vijana hao huwatazama kwenye video za simu wanalipwa. Ndiyo maana sipendi istilahi "gemu za kulipwa" ninayoisikia siku hizi, ingawa imeigwa kwa uaminifu kutoka "ngumi za kulipwa". Hakuna anayelipia kurusha ngumi, kwa hiyo huko maana haipotei. Lakini ukisema gemu za kulipwa mbele ya chumba kama hicho, msikilizaji ataelewa gemu ambazo huchezi mpaka utoe pesa. Sifa ya kulipwa tuiache kwa mchezaji: mchezaji wa gemu wa kulipwa.

Kuna neno la tatu ambalo wafasiri hulisahau, nalo ni kutuzwa. Wahenga walisema mcheza kwao hutuzwa. Waliona ngomani jinsi mchezaji anavyobandikwa noti au kuvishwa kanga na watu wanaomjua. Tuzo si mshahara: inatoka kwa furaha ya mtazamaji, siku ile, na kesho hakuna anayedaiwa chochote. Mashindano ya gemu yanayotajwa mara nyingi kuwa ya mwanzo kabisa, yale ya Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, tarehe 19 Oktoba 1972, yalikuwa ya namna hii. Wanafunzi walishindana katika gemu ya Spacewar, na mshindi akapata kuletewa jarida la Rolling Stone kwa mwaka mzima. Alituzwa, hakulipwa. Hata Kyle Giersdorf, kijana Mmarekani wa miaka 16 aliyeshinda Kombe la Dunia la Fortnite mjini New York mwezi Julai 2019 na kuondoka na dola milioni 3, pesa ile ilikuwa tuzo. Ukubwa wake usitufanye tukosee jina.

Kulipwa kunahitaji mwajiri na mkataba. Korea Kusini ndiyo iliyolionyesha hilo mapema: mwaka 2000 iliundwa KeSPA, chama cha kusimamia mashindano ya gemu, na makampuni makubwa yakawa na timu zenye wachezaji wanaopewa mshahara kama wa mpira. Mwaka 2013 Marekani ikampa Danny Le, Mkanada aliyecheza League of Legends, viza ya aina wanayopewa wanamichezo. Karani wa uhamiaji alikuwa na orodha ya maneno mezani, na kijana akapata nafasi ndani ya neno mojawapo.

Kwa sisi wa Kongo, Ufaransa inatuhusu zaidi, kwa sababu sheria zetu zinaandikwa kwa Kifaransa. Tarehe 7 Oktoba 2016 Ufaransa ilipitisha sheria inayomtambua mchezaji wa kulipwa wa gemu za mashindano kama mfanyakazi: mkataba wake hauzidi miaka mitano, na kwa kawaida haupungui msimu mmoja wa miezi 12. Mtoto ambaye hajafikia utu uzima anahitaji idhini ya wazazi. Mwezi Mei 2022 gazeti rasmi la serikali yao likatangaza istilahi za kutumiwa na maofisa badala ya maneno ya Kiingereza, na "e-sport" ikabadilishwa kuwa maneno yenye maana ya mchezo wa video wa mashindano. Wapo waliolalamika kwamba jina hilo ni refu. Nami nakubali ni refu, lakini lina jambo moja muhimu: limetaja mashindano.

Hapo ndipo penye kiini cha kutafsiri "esports". Kiingereza kina maneno mawili, moja la mchezo wa kujifurahisha na jingine la mchezo wa uwanjani wenye heshima yake. Waliobuni "esports" walichukua lile la heshima wakalitia herufi moja mbele. Kiswahili hakina mpaka huo. Mchezo ni wa mtoto na kibuyu, mchezo ni wa timu ya mpira ya TP Mazembe, mchezo ni wa kuigiza jukwaani, na "hii si mchezo" ni onyo. Kwa hiyo tukisema "michezo ya kielektroniki", kama baadhi ya waandishi wanavyofanya, tumetafsiri herufi na kuacha heshima. Shangazi anayepanga karata kwenye simu akisubiri mtumbwi wa kwenda Ubwari naye yumo humo. Wachina walitafsiri kwa kusema ushindani wa kielektroniki, na mwaka 2003 mamlaka yao ya michezo ikautambua kuwa mchezo rasmi. Nadhani waliona mbali. Pendekezo langu ni hili: shughuli nzima tuiite mashindano ya gemu, na aina ya gemu tuiite gemu ya mashindano. Gemu tayari ni neno la watu, kutoka Dar es Salaam hadi huku, na halihitaji kibali changu.

Kuna wanaosema aliyekaa kitako hawezi kuitwa mwanamichezo. Hawa wameisahau pwani yao. Bao huchezwa kwa kukaa, barazani, wala hakuna anayetoka jasho, na fundi wa bao anaheshimiwa Zanzibar kuliko mshambuliaji mwenye mbio. Anayesoma kete za mwenzake mizunguko kadhaa mbele anafanya kazi ile ile anayoifanya kijana mwenye maneti. Sataranji nayo ilitambuliwa na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki mwaka 1999. Mwaka 2023, katika Michezo ya Asia mjini Hangzhou, wachezaji wa gemu walivaa medali kama waogeleaji na wakimbiaji.

Karibu na kwetu yupo Sylvia Gathoni wa Kenya, anayejulikana kwa jina la QueenArrow, mchezaji wa Tekken, gemu ya kupigana, aliyekuwa akisoma sheria. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya kigeni ya XiT Woundz, na akaandikwa kuwa mwanamke wa kwanza wa Kenya kufika hapo. Naomba msomaji akitazame kitenzi hicho, kusajiliwa. Ni kitenzi cha mpira, na magazeti yalipokitumia kwake, tayari yalikuwa yamemwingiza ukumbini. Kabla yake wapo waliojulikana mitaani kwao. Kujulikana na kutambuliwa si kitu kimoja: unajulikana na wanaokuona, unatambuliwa na mwenye daftari.

Lakini anayenipa moyo zaidi kwa ajili ya Baraka ni Arslan Siddique wa Lahore, Pakistan, anayeitwa Arslan Ash. Mwaka 2019, akitoka nchi ambayo hakuna aliyeitazama katika Tekken, alishinda mashindano ya EVO nchini Japani mwezi Februari, kisha EVO ya Las Vegas mwezi Agosti. Gemu ya kupigana haivumilii mtandao unaokawia, kwa maana pigo lako likichelewa kidogo tu, umeshapigwa. Wapakistani walijifunzia ana kwa ana, bega kwa bega, katika vyumba vya gemu vya mtaani. Bingwa wa Korea, Bae Jae-min, alisafiri hadi Pakistan kujionea, akafungwa na watu ambao dunia haikuwajua hata majina. Intaneti yetu ni ya simu, na seva za gemu nyingi ziko Ulaya au Afrika Kusini. Kwa hiyo chumba chenye viti vya plastiki, ambacho wazazi wanakiona ni mwisho wa masomo, ndicho shule pekee ya kweli tuliyo nayo katika kazi hii.

Sitafumba macho kwa jambo moja. Vijana wakichangishana franka na mshindi akachukua zote, hiyo ni kamari, hata kama walioshiriki wana vipaji. Mfanyabiashara akiweka mfuko wa unga na jezi kwa mshindi, hiyo ni tuzo. Mtu akimwandikia kijana mkataba wa miezi 12, hiyo ni kulipwa. Mwenye chumba anayeandika ubaoni "Mashindano ya Gemu" na kutaja nani ametoa zawadi amekwisha kuwatenganisha vijana wake na wacheza kamari, na mzee anayepita njiani atasoma na kuelewa.

Kijana yule alikosa la kumjibu baba yake, akatoka nje. Laiti angekuwa na maneno. Angeweza kusema: "Papa, bado hakuna. Kwa sasa mimi ni wa ridhaa."