Friji za Tengeru zinazotunza mbegu za mnavu na mgagani

Mnavu, mgagani, nyanya chungu, mlenda. Mboga ambazo wengi waliziita chakula cha maskini, Arusha zina friji zao wenyewe.

Ziko Duluti, Tengeru, kwenye kituo cha World Vegetable Center chenye makao makuu Taiwan. Benki yake ya mbegu ina sampuli zaidi ya 2,000 za mboga za asili za Afrika. Upande wa pili wa jiji, Ngaramtoni, ipo benki ya taifa inayotunza mbegu za mazao mengine.

Kwa nini kuhangaika hivyo? Aina ya mboga ikipotea shambani, inaondoka na sifa zake: kuvumilia ukame, kuhimili ugonjwa, majani mapana. Mtafiti wa mbegu haanzi na mikono mitupu. Anatafuta sifa kwenye mimea iliyopo, kisha anachagua au anachanganya.

Mbegu hukaushwa sana, hufungwa zisipate unyevu, na za kukaa muda mrefu huwekwa kwenye nyuzi 18 hadi 20 chini ya sifuri. Lakini friji haizuii kufa, inachelewesha tu. Kila baada ya muda, chache huoteshwa kama kipimo. Zinazoota zikipungua, sampuli nzima inarudi shambani kuzalishwa upya.

Hapo ndipo kazi ilipo. Chavua ya mchicha hupeperushwa na upepo, kwa hiyo aina mbili zikipandwa jirani zinachanganyika na ile ya asili imekwisha. Lazima zitenganishwe kwa umbali au kwa neti. Na ukipanda miche michache mno, sehemu ya vinasaba inapotea hata kama mbegu zimejaa pakiti.

Matunda yake yako sokoni. Nyanya za Tanya na Tengeru 97, zilizotolewa mwaka 1997, zilipendwa kwa ugumu wake: zinavumilia safari ya lori. Mnavu ulioboreshwa nao ukapewa majina ya huku huku: Nduruma na Olevolosi.

Ndizi mshare za wakulima wa Meru ni kesi nyingine. Hazina mbegu za kugandisha. Aina zake hutunzwa kama migomba hai shambani, au vichipukizi kwenye chupa za maabara, na mgomba wa mwisho ukifyekwa bila kuchukuliwa chipukizi, aina hiyo haipo tena.