Kanisa, Ardhi na Jembe: Kutoka Nyangezi hadi Kadutu

Anayetaka kujua hali ya wakulima wa Bushi, nchi ya Bashi huko Kivu ya Kusini, aende soko kuu la Kadutu. Mvua ikikosa Walungu, bei ya maharage hapo hupanda kabla redio haijasema lolote. Mihogo, ndizi na majani ya sombe hushuka kutoka milima ya Kabare na Ngweshe hadi wilaya hii ya Bukavu, na sehemu kubwa ya safari ya mwisho hubebwa mgongoni na akina mama, kamba ya gunia ikiwa imepitishwa kwenye paji la uso. Wengi wa wabeba mizigo hao walikuwa wakulima. Walitoka Kaniola, Nindja au Mwenga wakati wa vita, wakapanga chumba Nyamugo, Cimpunda au Nkafu, na mlango wa kwanza walioubisha mara nyingi ulikuwa wa shirika, yaani jumuiya ndogo ya Wakristo wa mtaa, au wa kanisa la Kipentekoste ambalo tayari walikuwa na tawi lake kijijini.

Kwa hiyo kanisa la kijijini halikubaki kijijini. Lilikuja Kadutu pamoja na watu wake. Historia yake na mkulima ina matendo mengi ya huruma, lakini tukiihesabu kwa magunia ya msaada peke yake tutakosa kiini chake. Nijuavyo mimi, kanisa lilimfaa mkulima kweli pale lilipothubutu kugusa mambo mawili yanayoamua kama atakula: ardhi na bunduki.

Ardhi yenyewe ilianza vibaya. Tarehe 26 Mei 1906, Dola Huru ya Kongo ya Leopold wa Pili ilitia saini mkataba na Vatikani. Kila misheni ya Kikatoliki ingepewa hekta 100 hadi 200, nayo ingefungua shule ambazo, pamoja na kusoma na kuandika, zingefundisha kilimo, utunzaji wa misitu na kazi za mikono. Mwaka huohuo Mapadre Weupe walifungua Nyangezi, misheni ya kwanza katika Bushi. Kwa Bashi, shamba la kudumu lilipatikana kwa kalinzi: mtu humpelekea mwami au chifu wake ng'ombe, akapata ardhi ambayo watoto wake watairithi. Asiye na ng'ombe alilima kwa bwasa, kwa msimu tu, kisha akalipa kwa kazi au kwa sehemu ya mavuno. Hekta za misheni zilitoka nje ya utaratibu huo mzima. Mkulima aliyeishi juu yake hakuwa tena na deni kwa mwami. Alikuwa na deni kwa padre. Tukubali kwamba shule zilizojengwa hapo zilitoa walimu, mafundi na wauguzi wa kwanza wa Bushi. Tukubali vilevile kwamba jembe la kwanza la kanisa lililima ardhi ambayo wenyeji hawakuulizwa kama wanaitoa.

Mambo yalizidi mwaka 1928 ilipoundwa Kamati ya Taifa ya Kivu, CNKi, kugawa ardhi kwa walowezi wa Kizungu. Kahawa, chai na kinkina, mti ambao gome lake hutoa dawa ya malaria, vilipanda milima ambako zamani kulikuwa na malisho na maharage. Walioondolewa walibanwa kwenye miteremko mikali, na wengine wakateremka kutafuta kazi Costermansville, jina la kikoloni la Bukavu, ambako Kadutu ilitengwa kuwa makazi ya Waafrika. Ndiyo maana Kadutu tangu mwanzo ilikuwa mtoto wa ardhi iliyopotea. Upande wa Waprotestanti, wamisionari wa Kipentekoste kutoka Norwe walifika Kaziba mwaka 1922, na Waswidi wakajenga kazi yao ambayo baadaye ilizaa kanisa la 8e CEPAC. Wao walieneza neno kupitia wainjilisti wenyeji, wengi wao wakulima waliohubiri Jumapili na kushika jembe Jumatatu. Udugu wao ulifika vichochoroni mwa Kadutu kwa miguu.

Matokeo ya ardhi finyu yalionekana kwenye miili ya watoto. Nywele zikawa nyekundu, miguu ikavimba, tumbo likajaa huku mtoto akila kila siku, kwa sababu alichokula kilikuwa mihogo na viazi vitamu bila maharage, maziwa wala samaki. Watu waliuita ugonjwa huo bwaki. Madaktari wa hospitali ya Katana na watafiti wa kituo cha Lwiro waliuchunguza kwa miaka mingi, lakini ni Wakristo wa Bukavu walioufanya kuwa jambo la kila mtu: Komite Anti-Bwaki iliyoanza miaka ya 1960 ilitoka hospitalini ikaenda shambani, ikafundisha soya, mboga na ufugaji mdogo, ikichukulia njaa ya mtoto kuwa swali la shamba la mama yake. Kabla ya hapo, mwaka 1959, jimbo la Bukavu lilikuwa limekwisha kufungua Kituo Olame kwa ajili ya wanawake. Heshima kwa waliokianzisha. Bushi ni nchi ambayo mwanamke hulima, hubeba, huuza, na bado ardhi haiandikwi kwa jina lake. Kituo kilichoanza na malezi ya akina mama kimefika kutetea haki za wakulima wanawake na wabeba mizigo.

Miaka ya Mobutu naipitia haraka. Sheria ya ardhi ya Julai 1973 ilifanya udongo wote kuwa mali ya Serikali, na Novemba mwaka huo mashamba ya wageni yakagawiwa wakubwa wenye majina Kinshasa. Mkulima aliyedhani atarudishiwa mlima wa babu yake alimkuta mwenye hati mpya, safari hii Mkongo mwenzake. Serikali ilipozichukua shule za kanisa mwaka 1974, jimbo chini ya Askofu Mkuu Aloys Mulindwa liliegemea mashirika. Nyumba kumi au ishirini zilisali pamoja, zikamlimia mjane, zikamchangia mgonjwa, zikapatanisha waliogombania mpaka wa shamba. Mazoea hayo ndiyo yaliyobaki Serikali ilipoanguka.

Ilianguka kwa kishindo. Mwaka 1994, baada ya mauaji ya kimbari ya Rwanda, mamia ya maelfu ya wakimbizi kutoka huko waliingia Kivu ya Kusini, na kambi zikajaa Kashusha, Inera na kwingineko juu ya ardhi ya wakulima waliokuwa tayari hawatoshelezwi nayo. Miti ilikwisha, mashamba yakakanyagwa. Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa, Mjesuiti mzaliwa wa Walungu, alikuwa na kazi ngumu ya kuzitetea pande zote: wakimbizi wasichukuliwe wote kuwa wauaji, na wenyeji wasiachwe walipe gharama ya vita isiyo yao. Vita ilipofika mjini, aliuawa Nyawera tarehe 29 Oktoba 1996. Amezikwa katika uwanja wa kanisa kuu la Notre-Dame de la Paix.

Aliyemfuata, Emmanuel Kataliko, alitoka Butembo, ambako kwa miaka thelathini ya uaskofu alihimiza waumini kutengeneza barabara kwa mikono yao ili mazao yafike sokoni, akaanzisha pia Chuo Kikuu cha Graben chenye kitivo cha kilimo. Alijua kwamba kabichi inayoozea njiani ni umaskini uleule wa shamba lisilolimwa. Bukavu alikuta barabara zimekufa, na baadaye mji ukatawaliwa na waasi wa RCD. Agosti 1998 watu walichinjwa Kasika, wilayani Mwenga, pamoja na padre na watawa wa parokia. Waliopona walikimbia wakiacha mavuno shambani. Katika ujumbe wake wa Noeli ya 1999 Kataliko alishutumu waziwazi wageni waliopora nchi na Wakongo waliowasaidia. Februari 2000 RCD ilimzuia kubaki jimboni, ikampeleka Butembo. Bukavu ikagoma: shule zikafungwa, misa zikasimamishwa kwa muda. Alirudi Septemba, akapokewa na umati, akafariki Italia tarehe 4 Oktoba, wiki tatu tu baadaye.

Wapo wanaosema maaskofu hao walijiingiza katika siasa. Mimi nasema walikuwa wakifanya kazi ya kilimo. Mwanamke wa Kaniola hakuhitaji semina ya mbolea mwaka 2000. Alihitaji kwenda shambani na kurudi bila kubakwa. Daktari Denis Mukwege, mtoto wa mchungaji wa Kipentekoste wa Bukavu, aliyaona majeraha hayo mezani pake Panzi, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1999 chini ya 8e CEPAC. Dunia ilimpa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018. Wengi wa wagonjwa wake walikuwa wakulima.

Vijijini, uamsho ulianza na vitu vidogo sana. Ng'ombe na mbuzi walikuwa wameporwa, na mwenye mbuzi alijua anamfugia mwenye bunduki. Watu wakageukia simbilisi. Mnyama huyu hukaa jikoni karibu na moto, hula majani na maganda ya viazi, huzaa upesi, na askari akija unaweza kumfunika na kikapu. Mama huuza watatu akanunua daftari la mtoto, akichinja mmoja nyumba nzima imeonja nyama. Vikundi vya maendeleo vya makanisa vilisambaza simbilisi na sungura kwa utaratibu wa kupokezana: anayepata jike huwapa jirani wa kwenye orodha watoto wa kwanza. Hakuna benki inayokopesha kwa dhamana ya jina jema kanisani, lakini shirika linakopesha.

Ni kwa msingi huohuo zilistawi MUSO, mituweli za mshikamano, zenye makasha matatu: kasha la kijani kwa mikopo, jekundu kwa misiba na magonjwa, bluu kwa fedha zitokazo nje. Wanachama hukutana mbele ya makasha yao, kila mmoja akiona noti zikihesabiwa. Mnyauko wa migomba ulipoingia, ukaozesha mikungu ya ndizi za kasiksi, yaani za pombe, ambazo ndizo hulipa ada za shule, wataalamu wa kilimo waligundua kwamba matangazo baada ya misa hufika mbali kuliko karatasi zao: kateni ua dume kwa kijiti chenye panda, msilikate kwa panga, na panga lenyewe lipitishwe motoni kabla ya kugusa mgomba mwingine. Nyuma ya ushauri wa namna hiyo leo kuna vyuo vikuu viwili vya makanisa yenyewe vyenye vitivo vya kilimo, UCB ya Wakatoliki tangu 1989 na UEA ya Waprotestanti tangu 1991.

Kisha ikaja 2025. Waasi wa M23 waliingia Bukavu katikati ya Februari, wiki zilezile ambazo maharage ya msimu B hupandwa. Tani zipatazo 7,000 za chakula ziliporwa katika maghala ya Mpango wa Chakula Duniani. Uwanja wa ndege wa Kavumu na mabenki vikafungwa. Ndipo makasha ya MUSO yalipoonekana thamani yake, ingawa kasha haliwezi kuwa na zaidi ya walichonacho wenyewe. Maaskofu Wakatoliki wa CENCO na viongozi wa Kiprotestanti wa ECC walikuwa tayari pamoja katika mpango wao wa amani, wakizungumza na Kinshasa na pia na waasi huko Goma. Walilaumiwa kwa kukaa na wenye silaha. Lakini nani mwingine angemwombea mkulima njia ya kufika shambani?

Linabaki deni la 1906, na hapa ninasema na kanisa langu. Parokia za Bushi bado zina ardhi nzuri, nyingine imekodishwa, nyingine imelala. Wakati huohuo Kadutu imejaa wanawake wanaojua kulima na wasio na hata tuta moja. Wakienda Kabare kutafuta bwasa, hulipa kabla ya kuvuna na huweza kufukuzwa mahindi yakiwa mabichi. Parokia inaweza kuwapa mikataba ya miaka mitano, iliyoandikwa, kwa majina yao wenyewe, ikilipwa kwa mavuno baada ya mavuno. Haihitaji mfadhili wala ruhusa ya Kinshasa. Inahitaji baraza la parokia likae, lifungue ramani ya kiwanja chake, na liseme ni hekta ngapi zinatoka kabla ya mvua za Septemba.