Theluji ya Karisimbi na Wapagazi wa Mwaka 1908

Mvua kubwa ikiisha kunyesha na hewa ikasafika, mtu asimamapo asubuhi juu ya vilima virefu vya Karagwe au Kyerwa na kuelekeza macho upande wa magharibi, ng'ambo ya bonde la Kagera, pengine huona vilele vya rangi ya samawi vimejipanga mbali sana. Mgeni hudhani ni mawingu. Sisi wenyeji twajua kuwa ni milima, nayo ndiyo Mfumbiro, iliyopo mahali ambapo leo nchi tatu zakutana, Rwanda, Uganda na Kongo. Mrefu kuliko yote ni Karisimbi, uliopanda mita 4,507 juu ya bahari, nao u mbali nasi zaidi ya kilomita 120. Habari ya mlima huo, na ya watu waliokufa juu yake kwa baridi, twapenda kuwasimulia wasomaji wetu, kwa kuwa twautazama mara nyingi na wachache wetu huisikia.

Kwanza tuseme juu ya jina lake. Katika Kinyarwanda isimbi ni simbi, yaani kauri nyeupe ya baharini. Sisi Wanyambo twasema ensimbi, na kwetu neno hilo limekuwa jina la fedha, kwa kuwa zamani kauri ndizo zilizotumika sokoni. Basi mlima umeitwa hivyo kwa sababu ya weupe unaouvaa kilele siku nyingine, uking'aa kama kauri iliyowekwa juu ya kichwa cha mtu. Weupe huo ni theluji na mvua ya mawe. Haukai mwaka mzima kama ule wa Kilimanjaro au wa Ruwenzori. Huanguka usiku au wakati wa dhoruba, jua likipanda huyeyuka na kwenda zake.

Mzungu wa kwanza aliyeandika habari za milima hii aliiona kutoka kwetu. Ndiye John Hanning Speke, aliyefika kwa Mukama Rumanyika katika Novemba 1861 akitafuta chimbuko la mto Nile, akakaa Karagwe mpaka Januari 1862. Alitembea juu ya vilima vyetu, akaona vilele vile upande wa Rwanda, akauliza jina, akaandika Mfumbiro. Lakini hakuvuka kwenda kuvitazama. Katika ramani zilizofuata Ulaya, safu nzima ya milima minane ikawa kama mlima mmoja, wenye jina moja, uliowekwa kwa kukisia.

Na kukisia huko kulileta mambo makubwa. Tarehe 1 Julai 1890 Waingereza na Wadachi walipatana juu ya mipaka yao ya Afrika. Magharibi ya Ziwa Nyanza walichora mstari katika daraja moja kusini ya ikweta, na mstari huo ndio uliotuweka sisi upande wa Wadachi, na jirani zetu wengi wa kaskazini upande wa Waingereza. Ila wakaongeza neno kwamba mlima Mfumbiro uwe wa Waingereza. Ukionekana kuwa kusini ya mstari, basi mstari upindwe ili uuache upande wao. Watu wa mataifa mawili wakagawana mlima ambao hakuna hata mmoja wao aliyekuwa ameugusa! Wasomaji wenye shamba watatambua jinsi mambo yawavyo pale mtu auzapo kiwanja asichokipima. Ubishi ulidumu miaka 20, na Wabelgiji wakaingia ndani yake, hata walipopatana wote watatu mwaka 1910. Hapo ndipo mpaka ulipopitishwa katika vilele vyenyewe, na mlima Sabyinyo ukawa mahali pa kukutania.

Kati ya miaka ile, Wadachi walianza kuipanda milima mmoja mmoja. Von Götzen alipanda Nyiragongo mwaka 1894, ule mlima wa moto ulioharibu mji wa Goma mwaka 2002 na kumwaga moto tena mwaka 2021. Mwaka 1902 ofisa mmoja, von Beringe, akipanda Sabyinyo alipiga risasi nyani wakubwa ambao wataalamu wa Ulaya walikuwa hawajawajua, yaani masokwe wa milimani. Mpaka leo wanyama hao wana jina lake katika vitabu vya elimu. Hayo twayapita upesi, kwa sababu neno letu ni theluji.

Juu ya theluji ya Afrika palikuwa na kutoamini kwingi. Mmisionari Johannes Rebmann aliiona Kilimanjaro tarehe 11 Mei 1848, akaandika kwamba kilele kina theluji. Cooley, mwanachuoni wa London, alimcheka, akasema haiwezekani karibu na ikweta. Naye hakuwahi kufika! Lakini watu wa Machame walikuwa wamekwisha kuijua theluji kwa uchungu. Walimsimulia Rebmann kwamba zamani Mangi Rengua alituma watu wengi kwenda kutazama kitu kile cheupe, wakidhani labda ni fedha. Akarudi mmoja tu, mikono na miguu yake imeharibika kwa baridi. Kiongozi wa Rebmann alipoulizwa kile cheupe ni nini, alijibu kwamba adhani ni baridi. Twaona jibu lake lilikuwa na maarifa kuliko kicheko cha London, kwa kuwa alikitaja kitu kwa kile kimtendeacho mtu.

Sasa tuje katika habari yenyewe. Katika mwaka 1907 Adolf Friedrich, mwana wa mtawala wa Mecklenburg katika Ujerumani, alifika Bukoba pamoja na wataalamu wa mimea, wa wanyama, wa mawe, wa kupima nchi na wa desturi za watu. Wakatoka Bukoba na msafara mkubwa wa wapagazi, wakaenda magharibi mpaka Rwanda, wakapokewa Nyanza na Mwami Musinga. Kisha wakagawanyika, kila mtaalamu akaenda kwa kazi yake. Yule wa mawe na ardhi, jina lake Egon Kirschstein, alipewa milima ya Mfumbiro, akapima na kuchunguza mashimo ya moto yaliyozimika, akikaa miezi mingi huko juu.

Katika Februari 1908 alikuwa juu ya Karisimbi. Ubavuni mwa mlima huo liko shimo pana la zamani, lililozimika, ambalo Wadachi waliliita Branca kwa heshima ya profesa mmoja wa Berlin. Ndani yake ni uwanda wenye matope na maji, na mimea ya ajabu kama kabichi kubwa zilizosimama juu ya vigogo. Msafara ulipokuwa ukipita hapo dhoruba iliwaangukia ghafula, mvua ya mawe ikachanganyika na theluji, na upepo mkali. Njia ikapotea. Wapagazi walikuwa na nguo chache sana, wengine kipande cha shuka tu, nao walikuwa wamekwisha kulowa. Wakatupa mizigo, wakaketi katika matope. Kirschstein na wachache waliobaki na nguvu walijitahidi kuwainua na kuwavuta, na baadhi yao wakaokoka. Ishirini walikufa pale.

Katika kuisimulia habari hii ilisemwa kwamba watu wale walikata tamaa upesi, wakajilaza na kungoja kufa, kana kwamba hawakutaka kujisaidia. Sisi hatukubali neno hilo, na twaomba ruhusa tukae kidogo hapa, maana ni neno la kuwahukumu marehemu.

Elimu ya mwili imetufundisha jinsi baridi iuavyo. Mtu mzima ana joto la daraja 37 ndani ya mwili. Likishuka chini ya 35 yu mgonjwa. Kwanza hutetemeka sana, na kutetemeka huko ni mwili wenyewe kujaribu kuwasha moto. Akiwa na njaa au amechoka kwa mzigo, kuni za moto huo huisha upesi. Kisha mikono haishiki, ulimi huwa mzito, akili hupoa pamoja na damu; mtu haelewi tena amri, hajali, ataka kulala tu. Mwisho kutetemeka hukoma, na mtazamaji asiyejua hufikiri ametulia. Nguo iliyolowa huupoza mwili upesi mara nyingi kuliko nguo kavu, na upepo huzidisha. Basi, kule kuketi hakukuwa ulegevu wa moyo. Kulikuwa ugonjwa wenyewe umekwisha kufika kichwani. Mzungu aliyevaa sufu, viatu na koti la mvua asingeketi katika dakika ile ile. Lakini angevuliwa vyote na kutwikwa mzigo, angeketi pamoja nao.

Tena wasomaji wafikiri juu ya kimo. Kwa kila mita 1,000 apandazo mtu, hewa hupoa kadiri ya daraja sita. Nyumba zetu nyingi za Karagwe ziko kama mita 1,500 juu ya bahari, nasi asubuhi za kipupwe twajifunika blanketi. Kilele cha Karisimbi ki juu yetu mita 3,000 zaidi, yaani baridi yake yatupita kwa daraja kama 18. Na huko juu hapana kuni kavu. Vigogo vya mimea ile vimejaa maji kama sifongo. Mtu aliyezaliwa chini, akapandishwa huko na shuka moja, ametiwa katika nchi nyingine bila kuvuka mpaka wowote.

Je, mkuu wa msafara angeweza kujua? Twadhani angeweza, maana mfano ulikuwako. Miaka 19 kabla yake Mdachi mwingine, Hans Meyer, alipanda Kilimanjaro pamoja na Ludwig Purtscheller wa Austria. Mwaka 1887 Meyer alikuwa amejaribu akashindwa na ukuta wa barafu. Aliporudi 1889 alijipanga upya. Wapagazi wengi aliwaacha Marangu na katika kambi za chini. Kambi ya juu alibaki nao mtu mmoja tu, Mwinyi Amani wa Pangani, mtu wa pwani aliyezoea joto, naye akaikaa baridi ile siku baada ya siku akilinda hema na kupika. Chakula kililetwa kwa zamu kutoka chini, wachukuzi wakashuka tena. Wazungu wawili wakachonga ngazi katika barafu kwa mashoka madogo, na tarehe 6 Oktoba 1889 wakasimama juu ya kilele. Hatusemi kwamba Meyer alikuwa malaika. Alikipa kilele jina la Kaisari wake, jina lililodumu mpaka kilipoitwa Uhuru katika mwaka 1961. Twasema tu kwamba alipanda na wachache na kuwaacha wengi chini.

Hapa mtu atauliza: mataifa ya kaskazini hutembeaje katika theluji kila mwaka wasife? Katika Kanada na kaskazini ya Marekani watu hupanda milima mwezi wa Machi, wakati theluji ya kipupwe chao ingali ndefu kuliko mtu, wakivaa viatu vipana vya namna yake. Wenyeji wa kwanza wa nchi zile ndio waliovibuni: mti uliopindwa mviringo, katikati umesukwa kwa kanda za ngozi, hata mguu ukawa kama wa bata, usizame. Viatu hivyo havifai Karisimbi, kwa maana theluji yake ni nyembamba nayo yakaa saa chache. Lakini twakumbuka kwamba hao hawakuanza na viatu. Walianza na ngozi za wanyama juu ya mwili, chakula cha mafuta, na desturi ya kugeuka nyuma hali ya hewa ikiharibika. Theluji kidogo pamoja na maji ni mbaya kuliko theluji nyingi kavu, na theluji ya mlima wetu ni ya namna ile ya kwanza.

Jina la profesa wa Berlin lilibaki kwenye ramani ya mlima. Wale 20 walibaki hesabu.

Mwaka 1925 Wabelgiji waliifanya milima hiyo kuwa hifadhi ya wanyama, ya kwanza ya namna hiyo katika Afrika. Mwaka 1967 Dian Fossey, mwanamke wa Marekani, alijenga kambi yake ya kuwachunguza masokwe katika bonde lililo kati ya Karisimbi na Bisoke, akayaunganisha majina mawili akaiita Karisoke. Siku hizi watu hupanda Karisimbi kutoka Rwanda kwa siku mbili, wakilala usiku mmoja katika hema kati ya mimea ile yenye vigogo, wakiongozwa na watu wa hifadhi. Wapagazi wangali wako, wakichukua mizigo ya wageni. Wanaopita karibu nao huona kwamba wamevaa mabuti ya mpira na makoti ya mvua.

Juma moja la mwisho wa masika, tukiwa na watoto wa darasa juu ya kilima, mawingu yalifunguka magharibi na Karisimbi ukaonekana na weupe juu yake. Mtoto mmoja akapiga kelele, "Ensimbi!" Wenzake wakacheka, wakidhani ameokota fedha. Tukawaketisha majanini, tukawasimulia habari hii mpaka mlima ulipofunikwa tena.