Panga la Mjomba na Chombo cha Anga

Nimepotea kidogo, si mnajua kazi ya kuandika programu haina likizo. Leo nina kisa kinachoanzia shambani na kuishia angani.

Mjomba wangu ana shamba Kariandusi, karibu na Gilgil. Anataka kuchimba silanga la kuvunia maji ya mvua, na akikosea mahali, pesa zake zimekwenda. Nikamwandikia programu fupi ya kusoma ramani ya mwinuko wa ardhi na kukadiria maji yatapita wapi. Je, mwajua nani alipima mwinuko huo? Wanaanga! Tarehe 11 Februari 2000, Space Shuttle Endeavour ilipaa na watu sita, ikanyoosha mlingoti wa mita 60 wenye antena ya rada, na kwa siku 11 ikapima karibu asilimia 80 ya nchi kavu yote ya dunia. Vipimo vya kina, vya kila mita 30, vilianza kutolewa kwa umma mwaka 2014, Afrika ikitangulia.

Chombo chenyewe sasa kiko makumbusho huko Los Angeles. Kwa nini chombo kilichojengwa ili kirudi na kuruka tena kiliachwa?

Ndoto ilikuwa nzuri. Vyombo vya Apollo vilibeba watu mara moja tu, basi. Shuttle ingetua kama ndege, ikaguliwe, iruke tena, mara kadhaa kila mwezi, na gharama ishuke. Columbia iliruka mara ya kwanza tarehe 12 Aprili 1981. Lakini mwaka uliokuwa na safari nyingi kuliko yote, 1985, zilifika 9 tu.

Sababu ni joto na kazi ya mikono. Chombo kinachorudi kutoka mzingo wa dunia huja kwa kasi ya kilomita 28,000 hivi kwa saa. Shuttle ilivikwa vigae zaidi ya 20,000 vya silika, yale madini ya kutengenezea kioo, na karibu kila kigae kilikuwa na umbo lake. Silika si ngeni Kariandusi: ile ardhi nyeupe inayochimbwa pale ni maganda ya silika ya viumbe vidogo vya ziwa la kale, na mashoka meusi ya mawe aliyoyafukua Louis Leakey ni kioo cha volkano. Vigae vile vilikaguliwa baada ya kila safari. Injini zilifanyiwa ukaguzi mrefu. Tangi kubwa la mafuta lilitupwa kila mara.

Panga la mjomba likipoteza makali, analinoa dakika tano anarudi kazini. Shuttle ilichukua wiki nyingi, mara nyingi miezi, kunolewa.

Na kuna jambo zito zaidi. Tarehe 28 Januari 1986 Challenger ilisambaratika sekunde 73 baada ya kupaa. Tarehe 1 Februari 2003 Columbia ilisambaratika ikirudi, kwa kuwa kipande cha povu la tangi kilikuwa kimetoboa bawa lake la kushoto wakati wa kupaa. Watu 14 walikufa. Dalili zilikuwepo: mipira ya kuzibia maungio ya roketi ilikuwa imeungua katika safari za awali, na povu lilikuwa limebanduka mara nyingi. Lakini kila mara chombo kilirudi salama, basi hitilafu ikazoeleka.

Wasovieti nao walijenga Buran. Iliruka mara moja tu, tarehe 15 Novemba 1988, bila mtu ndani, ikatua yenyewe kwa kompyuta (sisi wa programu tuvue kofia!). Paa la jengo lake liliiangukia mwaka 2002. Shuttle zilistaafu Julai 2011 baada ya safari 135.

Leo ndoto imerudi kwa umbo dogo. Kapsuli ya Crew Dragon iliyobeba watu mwaka 2020 ilibeba wengine mwaka 2021. Haina mabawa, hushuka baharini kwa miavuli, na baadhi ya sehemu zake bado hutupwa au kubadilishwa.

Nilipompelekea mjomba ramani yangu, aliitazama akauliza, "Mpwa wangu, hiyo kompyuta yako ilifika hapa lini?" Nikacheka. Tukatembea hadi pale programu ilipopachagua, na hatua chache kando tukakuta korongo jembamba ambalo kipimo cha mita 30 hakiwezi kuliona. Maji yote yangekwenda huko. Nilikuwa nimeijaribu programu ile mara nyingi na kila mara ilitoa jibu bila kosa hata moja!

Silanga litachimbwa chini ya korongo. Chombo kurudi salama jana si ushahidi kwamba ni kizima leo. Ushahidi ni kukikagua tena, hata kama inachosha. Haya, tuonane tena.