Vita ya 1998: namna raia walivyojibu uvamizi na pesa za kigeni katika siasa

Vijana wengi walio leo katika makanisa yetu ya mashariki walizaliwa kisha vita iliyoanza mwezi wa nane 1998. Wanasikia wazazi wakitaja RCD, MLC, Kasika au vita ya siku sita ya Kisangani, lakini mara nyingi habari yenyewe inafika kwao vipande vipande, na kila kipande kimepakwa rangi na yule anayekisimulia. Tunataka kueleza hapa mambo matatu: namna vita ile ilivyoingia, pesa zilizoitegemeza zilitoka wapi, na raia walifanya nini. Tunafanya hivyo kwa sababu maswali ya wakati ule yamerudi mlangoni petu.

Askari walitangulia, chama kikafuata

Laurent-Désiré Kabila aliingia Kinshasa mwezi wa tano 1997 akisaidiwa na majeshi ya Rwanda na Uganda. Mwaka uliofuata, mkuu wa majeshi ya Kongo alikuwa bado ofisa Mnyarwanda, James Kabarebe. Raia wengi walichukizwa na jambo hilo, na Kabila mwenyewe aliona kiti chake kinatikisika. Mwisho wa mwezi wa saba 1998 akatangaza kwamba askari wa kigeni warudi kwao.

Tarehe 2 mwezi wa nane uasi ukalipuka Goma na Bukavu. Siku mbili baadaye ndege zilitoka Goma zikiwa na askari, zikavuka inchi nzima mpaka Kitona, karibu na bahari, chini ya uongozi wa Kabarebe yule yule. Katikati ya mwezi kiwanda cha umeme cha Inga kilikuwa mikononi mwao, na Kinshasa ikakaa gizani. Mji mkuu uliokolewa na majeshi ya Angola, Zimbabwe na Namibia.

Angalia mpangilio wa mambo. RCD ilitangazwa Goma katika mwezi ule ule wa nane, lakini kisha askari kuanza kazi. Mwenyekiti wake wa kwanza, Ernest Wamba dia Wamba, alikuwa mwalimu wa historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mtu aliyejulikana kwa elimu yake. Serikali ya Rwanda ilikana kwa miezi mitatu kwamba askari wake wamo Kongo, kisha ikakubali tarehe 6 mwezi wa kumi na moja 1998. Uganda nayo ilitegemeza MLC ya Jean-Pierre Bemba katika jimbo la Équateur. Mwaka 1999 RCD ikagawanyika: upande mmoja ulibaki Goma pamoja na Rwanda, upande wa Wamba ukaenda Kisangani pamoja na Uganda. Mgawanyiko ule ulifuata mstari wa mabwana wawili, na kila raia aliuona.

Pesa zilipitia wapi

Tukisema «pesa za kigeni katika siasa», watu wengi wanafikiri bahasha inayotoka katika ubalozi fulani. Katika vita ile njia ilikuwa nyingine. Mali ilitoka katika udongo wa Kongo, ikapita mikononi mwa majeshi na wafanyabiashara wa kigeni, na sehemu yake ikarudi kununua masasi, kulipa maofisa na kulisha viongozi wa vyama. Kwa hiyo pesa iliyoitwa ya kigeni ilikuwa kwanza mali yetu.

Umoja wa Mataifa uliunda kundi la wataalamu wa kuchunguza jambo hilo. Ripoti yao ya kwanza ilitoka mwezi wa nne 2001. Walikadiria kwamba jeshi la Rwanda lilipata kwa koltani peke yake angalau dola milioni 250 katika muda wa miezi 18. Ulikuwa wakati ambapo bei ya koltani ilipanda mara nyingi katika soko la dunia, kwa sababu viwanda vya simu na kompyuta vilihitaji tantali inayotolewa ndani yake. Mwezi wa kumi na moja 2000 RCD-Goma iliipa kampuni moja, SOMIGL, haki ya kuuza koltani nje peke yake, nayo ikatakiwa kulipa dola 10 kwa kila kilo. Kiongozi wa RCD wakati huo alisema hadharani kwamba koltani ilikuwa inawaletea dola milioni moja hivi kila mwezi. Bei ilipoanguka mwaka 2001, mpango ule ukavunjika, lakini wachimbaji waliokuwa wameacha mashamba yao hawakurudishiwa kitu.

Tusiseme upande mmoja tu. Ripoti ya mwezi wa kumi 2002 ilitaja makundi matatu ya wakubwa walioshiriki unyonyaji, na moja lilikuwa katika sehemu iliyotawaliwa na serikali. Wataalamu waliandika kwamba wakubwa wa Kongo na wa Zimbabwe walihamisha mali ya madini ya Leta yenye thamani ya dola bilioni 5 hivi katika miaka mitatu, na hazina ya inchi haikulipwa. Ripoti hiyo iliomba kampuni 29 na watu 54 wawekewe vizuizi vya pesa, na ikataja kampuni 85 zilizovunja kanuni za biashara njema za inchi tajiri. Nyingi kati ya kampuni hizo hazikuwa za Afrika. Mwizi wa mlangoni alikuwa na mnunuzi mbali sana.

Raia walijibu namna gani

Jibu la kwanza lilionekana Kinshasa, mwisho wa mwezi wa nane 1998. Waasi walipoingia Masina, Kimbanseke na Ndjili, wakaaji wenyewe waliwafukuza na kuwakamata. Wengi wanakumbuka siku zile kwa fahari, na ni kweli kwamba mji ulikataa kutekwa. Lakini watu walichomwa wakiwa hai barabarani, na wengine waliuawa kwa sababu ya sura tu. Maneno ya wakubwa yalichochea jambo hilo. Abdoulaye Yerodia, aliyekuwa karibu sana na Kabila, alisema maneno ambayo mahakimu wa Ubelgiji waliyaona kuwa uchochezi wa chuki, wakatoa hati ya kumkamata mwaka 2000. Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliifuta hati hiyo mwaka 2002, kwa sababu alikuwa waziri wa mambo ya inchi za kigeni ilipotolewa na alilindwa na cheo. Haikusema kwamba maneno yale yalikuwa mema.

Jibu la pili lilitoka Kivu, na lilikuwa la uchungu zaidi. Huko askari wa kigeni hawakufukuzwa kwa siku tatu. Walikaa miaka minne. Vijana wengi waliingia Mai-Mai. Kila shambulio lilileta kisasi juu ya wanakijiji. Huko Kasika, tarehe 24 mwezi wa nane 1998, mamia ya raia waliuawa, na kati yao mwami wa Luindi na watu waliokuwa katika parokia. Huko Makobola, wakati wa mwaka mpya wa 1999, mamia wengine. Ripoti ya Umoja wa Mataifa iliyotolewa tarehe 1 mwezi wa kumi 2010 imeandika mambo hayo, pamoja na mauaji yaliyofanywa na pande zingine zote.

Jibu la tatu halikutumia bunduki. Mwanzo wa mwaka 2000 shirika la raia la Bukavu liliita siku za ville morte: maduka yakafungwa, soko likanyamaza, watoto wakabaki nyumbani. Noeli iliyotangulia, Askofu Mkuu Mkatoliki Emmanuel Kataliko alikuwa ameandika ujumbe uliosema wazi kwamba mali ya inchi inaporwa na wageni wakisaidiwa na wana wa inchi. RCD ilimshitaki kuwa mchochezi, ikamzuia kurudi Bukavu mwezi wa pili 2000, naye akakaa Butembo miezi saba. Alirudi mwezi wa tisa, na mwanzo wa mwezi wa kumi akafariki akiwa Roma. Katika mji ule Waprotestanti na Wakatoliki waliteswa na mambo yale yale, na wengi walijifunza kwamba duka lililofungwa kwa umoja linaweza kusema kwa sauti kuliko risasi.

Kisangani ilionyesha jambo lingine. Kutoka tarehe 5 mpaka 10 mwezi wa sita 2000, majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana ndani ya mji, kila moja likitafuta kuutawala na kutawala njia za almasi. Maelfu ya mabomu yalianguka juu ya nyumba, na mamia ya raia wakafa. Waliokuwa wamesema «tumekuja kuwakomboa» walipigana wao kwa wao juu ya vichwa vya waliokombolewa.

Kuna jibu la nne ambalo wengi hawalisimulii. Mwanzo wa mwaka 2002, huko Minembwe, ofisa Mnyamulenge Patrick Masunzu aliiasi RCD, na Banyamulenge waliokuwa naye wakapigana na jeshi la Rwanda katika milima yao wenyewe. Vijiji vyao viliteseka. Habari hii inatosha kuzima uongo wa kwamba kabila moja zima lilikuwa upande wa mvamizi. Uvamizi una wakubwa wake na wafadhili wake; jirani yako kanisani hakuwa mmoja wao kwa sababu tu ya lugha anayosema.

Sanduku la kura

Majeshi ya Rwanda yaliondoka rasmi mwezi wa kumi 2002, ya Uganda mwezi wa sita 2003. Mapatano ya Pretoria ya tarehe 17 mwezi wa kumi na mbili 2002 yaligawanya vyeo: rais mmoja na makamu wanne, na Azarias Ruberwa wa RCD na Bemba wa MLC wakiwa kati ya hao wanne. Askofu Pierre Marini Bodho, aliyekuwa mkuu wa Kanisa la Kristo katika Kongo, aliongoza Seneti ya mpito.

Tarehe 30 mwezi wa saba 2006 raia walipiga kura. RCD ilikuwa imetawala sehemu kubwa ya mashariki kwa miaka mitano, ikiwa na askari, redio, ofisi na kodi za madini. Ruberwa alipata chini ya kura 2 kwa mia, na chama chake kilipata viti 15 kati ya 500 vya bunge. Bunduki na pesa viliwapa cheo cha makamu wa rais, lakini havikuwapa mioyo ya watu. Hilo ndilo jibu la raia lililohesabiwa kura kwa kura.

Sheria ilisema nini

Tarehe 19 mwezi wa kumi na mbili 2005 Mahakama ya Haki ya Kimataifa iliamua kwamba Uganda ilivunja sheria kwa kutuma jeshi Kongo, kwa mateso waliyoyapata raia na kwa kupora mali. Mwaka 2022 ikaweka kiasi cha malipo: dola milioni 325, na katika hizo milioni 60 ni kwa mali ya asili iliyoporwa. Sehemu ya kwanza, milioni 65, ililipwa mwaka huo huo. Mashitaka juu ya Rwanda hayakusikilizwa. Mwaka 2006 Mahakama ilisema haina mamlaka, kwa kuwa Rwanda haikuwa imekubali kuhukumiwa nayo katika mambo yale. Kwa hiyo asidanganywe mtu: kesi ile haikumhesabia Rwanda haki wala hatia.

Katiba yetu ya 2006 nayo imebeba kumbukumbu ya vita. Kifungu cha 56 kinaita uporaji kila mapatano yanayonyima taifa au watu mali yao ya asili. Kifungu cha 63 kinasema kwamba kulinda inchi ni haki na wajibu wa kila Mkongomani.

Maswali ya leo

Goma iliingia mikononi mwa M23 mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, na Bukavu katikati ya mwezi wa pili. Wataalamu wa Umoja wa Mataifa walikuwa wameandika mbele ya hapo kwamba kodi ya koltani ya Rubaya iliiletea M23 angalau dola 800,000 kwa mwezi, na kwamba jeshi la Rwanda liko pamoja nao. Rwanda ilikana. Maaskofu wa CENCO pamoja na ECC wamezunguka wakiomba pande zote ziketi kuzungumza.

Tunajua kwamba wasomaji wengine wanaishi mahali ambapo neno moja linaweza kumletea mtu hatari. Hatumwambii yeyote ajitoe mbele ya bunduki. Lakini hata katika nyumba iliyofungwa, familia inaweza kupima kila kundi la siasa, la waasi au la serikali, kwa maswali manne. Je, askari walitangulia chama, au chama kilijulikana na raia kwanza? Mshahara wa viongozi wake unatoka wapi, na nani akikata pesa hizo kundi litakufa? Anayepinga kwa amani anajibiwa kwa maneno au kwa kufungwa? Na je, anatutaka tumchukie mtu kwa yale aliyoyatenda, au kwa ukoo aliozaliwa ndani yake?

Wazazi wetu waliishi miaka mitano kati ya maswali hayo. Walioshika yote manne waliweza kukataa uvamizi bila kumwaga damu ya jirani. Walioshika matatu ya kwanza na kuacha la nne, wameacha makaburi ambayo mpaka leo hatujajua namna ya kuyazungumzia pamoja.