Ngano Kati ya Lugha Mbili: Historia ya Kufundisha Usimulizi wa Kiingereza katika Shule za Msingi za Uganda

1.0 Utangulizi

Mtoto wa Uganda hukutana na ngano mara mbili. Kwanza huisikia nyumbani kwa lugha ya kwao, akiwa sehemu ya hadhira inayoitikia. Baadaye huikuta shuleni kwa Kiingereza, ambako hutakiwa kuifahamu na hatimaye kuandika ya kwake. Makala haya yanafuatilia historia ya hatua hiyo ya pili. Yanadai kwamba waliofanikisha safari ya ngano kuingia katika Kiingereza walianzia katika lugha ya kwanza, ilhali mpangilio wa shule umekuwa ukimvusha mtoto bila kumpa daraja.

2.0 Ngano Kutoka Kinywani Hadi Kitabuni

Katika Luganda, neno *olugero* hubeba maana ya ngano na ya methali pia, na masimulizi hufunguliwa kwa *Olwatuuka*. Mwanzoni mwa karne ya 20, Apolo Kaggwa, Katikkiro wa Buganda, alichapisha mkusanyo wa ngano na methali za Baganda kwa Luganda. Tafsiri ya Kiingereza, iliyofanywa na mmisionari F. Rowling, ilikuja baadaye. Okot p'Bitek naye alifuata mkondo huohuo: alichapisha riwaya yake *Lak Tar* kwa Kiacholi mwaka 1953, na ngano alizozikusanya na kuziandika kwa Kiingereza, *Hare and Hornbill*, zikatoka mwaka 1978.

Mkondo huo si wa Afrika peke yake. Ngano ambazo vitabu vya shule huziita za Kiingereza, nyingi ni za kutafsiriwa. Zile za Charles Perrault zilichapishwa kwa Kifaransa mwaka 1697, zikatafsiriwa na Robert Samber mwaka 1729. Za ndugu Grimm zilianza kutoka kwa Kijerumani mwaka 1812, na Waingereza wakazipata kupitia Edgar Taylor mwaka 1823. Kwa hiyo, Kiingereza chenyewe kilizipokea ngano hizo kutoka lugha nyingine.

3.0 Sera ya Lugha na Nafasi ya Ngano

Ripoti ya Tume ya Phelps-Stokes ya mwaka 1925 iliunga mkono lugha za wenyeji katika madarasa ya chini. Mwaka 1927, Gavana William Gowers alipendekeza Kiswahili kitumike katika elimu na utawala. Kabaka Daudi Chwa alipinga hadharani mwaka 1929. Mvutano huo uliihusu zaidi hadhi ya lugha kuliko namna mtoto anavyojifunza. Baada ya uhuru wa mwaka 1962, Kiingereza kilibaki lugha rasmi na lugha ya mitihani.

Waraka wa Serikali wa mwaka 1992 ulizirudishia lugha za wenyeji nafasi katika madarasa ya mwanzo. Mtaala wa kimada ulioanza mwaka 2007 ukaweka lugha ya eneo kuwa lugha ya kufundishia katika darasa la kwanza hadi la tatu, na darasa la nne kuwa la mpito kuelekea Kiingereza. Hapo ndipo ugumu ulipo, kwani mwaka mmoja unatakiwa kubeba mabadiliko ya lugha, ya msamiati na ya namna ya kusimulia.

4.0 Mzigo wa Darasa la Mpito

Luganda husukuma matukio kwa mfululizo wa aina ya *n'agenda, n'asanga, n'agamba*, kama Kiswahili kinavyosema *akaenda, akakuta, akasema*. Mwanafunzi anayehamisha mfululizo huo huandika sentensi ndefu za Kiingereza zilizofungwa kwa kiunganishi kimoja kinachojirudia. Mwalimu asiyeijua chemchemi ya muundo huo huusahihisha kama uzembe, ingawa ni ustadi wa usimulizi uliovaa lugha isiyouhitaji.

Mfano wa pili ni wa nafsi. Wakayima wa Luganda, Apwoyo wa Kiacholi na Sungura wa Kiswahili hawalazimiki kuwa wa kiume au wa kike. Kiingereza humdai mwandishi achague, au amshushe mhusika awe kitu. Uchaguzi huo hugusa maana ya ngano, kwa hiyo unastahili kujadiliwa darasani kabla ya kalamu kugusa karatasi.

Tatu, ukurasa hauna hadhira ya kuitikia. Yale ambayo fanani huyaacha kwa sauti, ishara na vitikio, mwandishi hana budi kuyaeleza kwa maneno.

5.0 Hitimisho na Mapendekezo

Historia hii inawapa watunga sera mambo matatu. Kwanza, ngano itakayoandikwa kwa Kiingereza isimuliwe, ijadiliwe na iandikwe kwanza kwa lugha ya mtoto. Hifadhi huria za hadithi za lugha nyingi, kama African Storybook, hurahisisha kazi hiyo. Pili, mafunzo ya walimu wa darasa la nne yajumuishe ulinganishi wa miundo ya usimulizi. Tatu, kwa kuwa Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2022, mitaala ya Kiswahili na Kiingereza ipangwe pamoja. Kwa mtoto wa lugha ya Kibantu, Kiswahili kinasimulia kwa njia anayoifahamu tayari. Kikifundishwa kwa kujitenga, kitakuwa somo jingine la mtihani. Kikifundishwa kwa ulinganishi, kitamsaidia kuona kile ambacho Kiingereza kinakidai kwa namna tofauti.