Safari na Merikani: Maneno Mawili ya Njia ya Tabora

Tarehe 7 Novemba 1857, Richard Burton na John Speke waliingia Kazeh, makao ya Waarabu katika nchi ya Unyanyembe, palipo mji wa Tabora hivi leo. Mwendo wao kutoka pwani ulikuwa umechukua zaidi ya miezi minne. Katika mizigo ya njia ile mlikuwamo majora ya nguo ya pamba isiyotiwa rangi, nayo ndiyo iliyotumika kama fedha kulipia chakula na hongo za machifu. Nguo hiyo iliitwa merikani.

Asili ya jina hilo haina shaka. Merikebu za Salem, katika jimbo la Massachusetts, ziliileta nguo hiyo Unguja, na mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani. Watu wa pwani walilichukua jina la taifa, wakaliongezea irabu mwishoni kama ilivyo desturi ya Kiswahili, na nchi ikawa nguo. Waingereza wenyewe walikwisha fanya vivyo hivyo, maana neno lao kaliko limetokana na mji wa Kalikuti huko Bara Hindi. Jambo la kuchekesha ni kwamba Burton, katika kitabu chake cha mwaka 1860, aliliandika neno hilo kana kwamba ni neno geni. Basi neno lililotoka katika Kiingereza lilirudi kwao limevaa kanzu.

Neno safari lilishika njia ya pili. Kamusi za Kiingereza hutaja Kiswahili, kisha hurudi haraka kwenye Kiarabu, safar. Haraka hiyo si ya haki. Irabu ya mwisho ni ya Kiswahili, na Kiingereza kililipokea neno pamoja na irabu hiyo; waliolifikisha kwa Waingereza ni wasemaji wa Kiswahili. Hata hivyo Waingereza hawakukosa neno lao. Walikuwa na karavani, la asili ya Kiajemi, ambalo kwao limefupishwa hata likawa “van”, yaani gari la mizigo.

Katika Kiswahili cha karne ile, safari ilikuwa ni mwendo na pia kundi la watu waendao. Kiingereza kililipunguza neno hilo. Theodore Roosevelt alipokuja Afrika Mashariki mwaka 1909 kuwinda, habari zake zilisomwa kote, na safari ikazidi kuwa mambo ya bunduki na simba. Baadaye kamera ikachukua mahali pa bunduki. Wakalitia pia kiambishi chao cha wingi, wakasema “safaris”, ingawa kwetu safari moja na safari mia huandikwa sawasawa.

Aliyepotea katika upunguzaji huo ni mpagazi. Burton alimwita kwa jina lake, “pagazi”, lakini neno hilo halikudumu katika Kiingereza. Wanyamwezi waliobeba pembe hadi pwani na kurudi na merikani mabegani ndio waliokuwa safari yenyewe; msomaji wa Kiingereza akilisikia neno hilo leo humwaza yule aliyebebewa.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912. Katika stesheni yake abiria wa Kigoma na wa Mpanda hutakiana safari njema, wala hapana amtafutaye simba.